Mama Rejina na Mazishi ya Mchezo

Émilienne wa mtaa wa Mbunya ni mwanamke mpole. Anashona nguo nyumbani kwake, anaimba katika kwaya ya parokia, na majirani humwachia funguo zao wanaposafiri. Hata hivyo, kwa miaka mingi kulikuwa na watu mjini Bunia waliomwogopa, na chanzo chake ni televisheni.

Ilikuwa miaka ile mji ulipoanza kupumua baada ya vita. Gaspard, aliyekuwa akipiga video za ndoa kwa kamera ya kaseti, aliamua kutengeneza mchezo wa mfululizo kwa Kiswahili cha kwetu, uonyeshwe kila Jumapili kwenye televisheni ya mjini. Aliuita *Mulango wa Nyuma*. Alimpenda Émilienne kwa sauti yake nzito ya kwaya, akampa nafasi ya Mama Rejina, mama mkwe anayemtesa mke wa mwanawe. Mke huyo alichezwa na Solange, msichana mwembamba aliyekuwa anamaliza shule.

Karibu kila kitu kilipigwa katika sebule moja, ya dada yake Gaspard. Wakitaka hospitali, walishusha mapazia ya maua na kutundika shuka nyeupe. Wakitaka ofisi, waligeuza meza na kumvalisha mtu miwani. Jenereta ililia mno, basi waliipeleka uani kwa jirani wa mbali na kuvuta waya mrefu juu ya paa. Mama Rejina alipompiga mkwe wake kofi, mkono wa Émilienne ulipita mbele ya shavu bila kuligusa, na Gaspard, nyuma ya kamera, ndiye aliyegonganisha viganja ili sauti isikike. Solange alicheka kila mara, wakaanza upya, mpaka dada mtu akaomba arudishiwe sebule yake maana alikuwa na wageni.

Siku ya mchezo watu walijaa katika nyumba zenye televisheni. Kesho yake Émilienne alipofika sokoni, muuza ndizi alifunika ndizi zake kwa gunia. Mama mwingine alimwambia usoni, "Acha yule mutoto wa watu apumuwe." Mwanzoni Émilienne alifurahi, kwa sababu maana yake alikuwa anacheza vizuri. Baadaye alianza kwenda sokoni amejifunika kitambaa mpaka kwenye nyusi.

Kisha Solange akaposwa na mkulima wa kijiji cha Marabo, na bwana huyo hakutaka mkewe aonekane tena kwenye televisheni. Gaspard akaona hakuna njia nyingine: Mama Rejina atamtilia mkwe sumu kwenye uji. Mazishi waliyapiga kwenye kiwanja kando ya barabara, ambapo mtu alikuwa amechimba shimo la choo kipya. Seremala aliwaazima sanduku la maiti kwa asubuhi tu, maana lilikuwa na mwenyewe. Wapita njia walisimama. Wanaume walivua kofia, wanawake wakalia kweli, na Gaspard akaendelea kupiga. Mchezo uliishia hapo. Kamera iliharibika, Gaspard akahamia Kisangani, na Solange hakuonekana tena kwenye televisheni.

Mwaka jana Josaphat, kifungua mimba wa Émilienne, alileta habari kwamba amempata Débora, muuguzi, mtoto wa familia ya wafanyabiashara waliohamia kutoka Butembo. Wazee wa pande mbili walisalimiana, siku ya kujitambulisha ikapangwa. Halafu kimya. Simu hazikupokelewa. Josaphat akaacha chakula, na Débora akija anakaa tu mlangoni, macho chini.

Mwishowe baba yake Débora, Augustin, alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti bila kuegemea.

"Mama Josaphat, sitakuficha," alisema. "Siye wote tunakubali. Ni mama yangu njo anakataa. Anasema mutoto wetu hawezi kuingia kwa nyumba ya mutu mwenye aliuaka muke ya mutoto wake."

"Papa Augustin, ile ilikuwa mchezo."

"Tulimuambia. Anajibu: zingine zote zilikuwa mchezo, lakini maziko aliyaonaka na macho yake. Ile siku alikuwa anatoka Butembo, alipita pale, alilia pale. Anauliza, kama yule binti hakukufa, iko wapi?"

Émilienne alitaka kucheka, akashindwa. Hata yeye hakujua Solange yuko wapi. Tangu harusi yake walikuwa wameonana mara chache, kisha zikaja fujo za njia ya Marabo, watu wakakimbia, wengine hawakurudi. Wazo lilimjia kwamba huenda swali la yule mama mzee lina jibu baya, akaamua kwenda kumtafuta mwenyewe.

Njia ilikuwa na utulivu juma lile. Alipanda pikipiki mpaka Marabo, akashuka sokoni, akamuuliza mwanamke wa kwanza aliyemkuta.

"Solange mwenye anauzisha maharagi? Ni ule pale, anakupa mugongo."

Mwanamke mnene mwenye kitenge cha buluu aligeuka. Alimtazama Émilienne kwa muda, kisha akaweka chini kikombe cha kupimia.

"Mama Rejina," alisema polepole, "umekuja kunimaliza?"

Émilienne alikaa juu ya gunia la maharagi, akalia kwa furaha mpaka wauzaji wakamletea maji. Solange alipoelezwa shida, hakungoja. Alimwachia jirani biashara yake, wakapanda pikipiki moja wote wawili, wakafika kwa Augustin jua likiwa bado juu.

Mama yake Augustin, Bibi Kahindo, ambaye wote humwita Koko, alikuwa sebuleni akichambua mchele. Alipomwona Émilienne alikunja uso. Solange akapita mbele, akapiga magoti, akamshika mikono.

"Koko, ni miye. Ule binti wa maziko."

Yule mzee alimpapasa mashavu, mabega, mikono. "Ulikuwa mukondefu."

"Nilizaa mara ine, koko."

"Na ile sanduku, mulitia nini ndani?"

"Hakuna kitu. Miye nilikuwa nyuma ya ukuta, nakula muhindi."

Koko Kahindo aliusogeza mchele pembeni. Augustin alikuwa amesimama mlangoni, Débora nyuma yake amejishika mdomo.

"Nilikuombeaka," alisema Koko. "Kila siku ya wafu, miaka yote. Sikujua hata jina yako."

"Ile maombi haikupotea, koko. Tulikimbia mara mbili, siye na batoto, na tulirudi wote wazima."

Mzee akamgeukia Émilienne. Uso ulikuwa umelegea.

"Kwa ile uji, ulitia nini?"

"Sukari, koko. Ilikuwa tu imefungwa mu karatasi."

"Sukari," alirudia, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka bila sauti. Débora akaanza naye, kisha nyumba nzima. Koko akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akataka kujua mchezo ungeendelea vipi kama kamera isingeharibika. Émilienne akamweleza jinsi Gaspard alivyotaka mume agundue siri na Mama Rejina afukuzwe nyumbani na furushi lake, alale kanisani.

"Ingekuwa vizuri," alisema mzee kwa uzito. Kisha akamwambia mwanawe, "Ita wale watu wa kijana. Waje Jumamosi."

Walipewa wali na sombe ya majani ya muhogo. Émilienne, ambaye juma zima alikuwa akigusagusa sahani, alimaliza chake na kuongezewa. Koko Kahindo alimsogezea nyama kwa mkono wake mwenyewe.

"Siku ya ndoa," alimwambia, "utakaa karibu na miye, pale mbele. Watu baone."

Émilienne akaitikia kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa umejaa. Nje, Débora alikuwa ameshika simu, akimwambia Josaphat aje upesi, chakula bado kipo.