Wakili Aliyekaa Nje ya Baraza

Miaka ile ya mashamba makubwa ya karanga nilikuwa mkalimani katika baraza la liwali, hakimu wa wenyeji, Nachingwea. Kazi niliipata kwa sababu mama yangu alikuwa Mmakua, na watu waliovuka Ruvuma kutafuta maisha kwetu walikuwa wengi, Kiswahili chao cha kuombea maji tu.

Mjane mmoja wa Kimakua, mkulima wa upande wa Lionja, alishitakiwa na jirani yake. Mumewe alipofariki, jirani alidai kwamba shamba lao la mikorosho ni la ukoo wake, na yule mama ni mgeni, arudi kwao ng'ambo.

Nilimpeleka kwa wakili wa Kihindi aliyekuwa akija na lori kutoka Lindi kila mwezi kusikiliza shida za wageni. Sheria ya wakati ule haikuwaruhusu mawakili kusema mbele ya liwali, nami nilidhani atampa pole tu. Badala yake alikwenda naye shambani, akazunguka mpaka wote kwa miguu, akimuuliza habari za kila mti, nami nikiwatafsiria. Mwishowe akasema, "Mama, mimi siruhusiwi kuingia barazani. Wewe unaruhusiwa. Sema uliyoyaona kwa macho yako, basi."

Siku ya kesi wakili alikaa nje, kwenye ngazi. Jumbe mzee wa kijiji, aliyegawa shamba lile, aliitwa, akasema hakumbuki. Mjane akasimama. Nilitafsiri maneno yake moja moja:

"Jumbe, siku ile ulikunywa uji wa mtama kwetu. Kisha ukatembea na mume wangu, ukitia alama kwenye miti kwa panga. Wa mwisho ulikuwa mninga."

"Ni kweli," alisema jumbe. "Uji nilikunywa, na shamba niliwapa."

Liwali akaamua shamba ni la mama.

Nilitoka mbio kumpasha wakili habari, lakini alinizuia kwa mkono. Alitaka kuisikia kutoka kwa mama mwenyewe. Mama akamsimulia yote kwa Kimakua, naye hakuelewa hata maneno kumi, ila alimtazama usoni hadi mwisho. Sijapata kuona mtu akisikilizwa namna ile.

Mwezi uliofuata alikuja na daftari jipya, akaniomba nimfundishe Kimakua. Matamshi yake yaliwachekesha sana watu wa Lionja. Alicheka nao, akarudia tena.