Kona Iliyooza ya Karavani

Miezi yangu ya mwanzo Sydney niliishi kwenye karavani, kile chumba cha magurudumu ambacho watu wa hapa hukivuta nyuma ya gari wakienda likizo. Karavani yenyewe ilikuwa haijaenda popote kwa muda mrefu. Ilisimama uani kwa mume na mke Wakenya, mtaa wa Ingleburn, ubavuni mwa kamba ya kuanikia nguo.

Yule mke nilikutana naye dukani Liverpool, mtaa mwingine wa Sydney. Nilikuwa nikizungumza kwa simu na mama yangu aliye Tanga, nikimweleza kuwa chumba nilichopanga na wenzangu tunatakiwa kukihama na sijui pa kwenda. Nilipokata simu, mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi akanigusa bega.

"Pole, dada. Sikutaka kusikiza, lakini nimesikia yote."

Alikuwa ametoka kazini, hospitali ya Westmead. Jumamosi ile ile nikahamia kwake. Kodi hakutaka, alisema nimalize kwanza kozi yangu ya kutunza wazee.

Baridi ilipoingia, mvua ikanyesha wiki nzima. Nguo zangu zikaanza kunuka uvundo, nami nikaanza kukohoa. Asubuhi moja nikitandika kitanda, kiwiko changu kiligonga ukuta chini ya dirisha, na ukuta ukabonyea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nikaenda jikoni kuwaambia. Mume wake, ambaye nilimwita shemeji, alikuja na bisibisi. Akaichomeka pale palipobonyea, ikazama hadi mpini.

"Hii imekwisha," alisema. "Hata kuuza haiuziki. Shem, itabidi utafute—"

"Atafute nini?" mkewe alidakia kutoka mlangoni. "Wewe ndiye utafute mbao."

Shemeji alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akacheka. Jioni hiyo nilihamishiwa sebuleni, kwenye kochi. Binti yao mdogo akanipa mto wake na kuniambia kwa Kiingereza kwamba nisiurudishe upesi.

Jumapili walipotoka kanisani tulibandua ubao mwembamba wa ndani. Nyuma yake tulikuta fremu: vipande vya mbao vinavyoshikilia ukuta na paa. Vya pembeni vilikuwa vyeusi, laini, na nilipokishika kimoja kilimeguka mkononi. Kona nzima ilikuwa imeshikiliwa na bati la nje tu. Kichwa changu kilikuwa kinalala hapo. Shemeji aliweka bisibisi chini, akasema polepole, "Nilikulaza mahali pabaya. Nisamehe."

"Ulinilaza mahali pakavu wakati sina pa kulala," nilimjibu.

Alikata mbao zote mbovu mpaka akafika kwenye mti mzima, ule unaolia ukigongwa. Mke wake akaleta feni na hita, tukaacha ukuta wazi hadi mbao zilizobaki zilipokauka kabisa, tukazipaka dawa ya kuzuia kuvu. Kazi yangu ilikuwa kushikilia mbao mpya huku shemeji akizitia gundi na kuzikaza kwa skrubu. Tuling'oa dirisha pia, tukakwangua gundi ya zamani iliyopasuka, tukalirudisha kwa utepe mzito unaonata wa kuzuia maji.

Nilidhani tumemaliza, na nilikuwa na hamu ya kurudi chumbani kwangu. Lakini shemeji alikataa kufunga ukuta. Alinituma ndani, akachukua mpira wa kumwagilia bustani na kuanza kumwaga maji juu ya dirisha. Nikaweka kiganja kwenye fremu mpya. Pakavu. Akapandisha maji hadi ukingo wa paa. Mara tone la baridi likatambaa hadi kwenye vidole vyangu.

"Yanatoka juu!" nilipiga kelele. "Si dirishani, ni juu!"

Mkewe, aliyekuwa amesimama na mwavuli, akapiga makofi kama tumeshinda mpira. Kumbe pale juu palikuwa na reli ya kuning'inizia turubai la kivuli, na skrubu zake zilikuwa zimeliwa na kutu. Maji yaliingia kwenye matundu yake na kuteremka ndani ya ukuta, na dirisha likasingiziwa bure. Tungefunga siku ile, mbao zetu mpya zingeoza vilevile. Shemeji aliing'oa reli yote, akaziba matundu, akaifunga upya. Tulimwaga maji tena hadi majirani wakachungulia. Kiganja changu kikabaki kikavu.

Niliporudi kulala mle, kikohozi kilikwisha chenyewe. Niliishi humo hadi nilipomaliza kozi, nikapata kazi kwenye nyumba ya wazee na fleti ndogo Liverpool. Siku ya kuhama niliwapikia pilau, nikajaribu kutoa hotuba ya shukrani niliyoifanyia mazoezi bafuni. Sikufika mbali, machozi yalinitangulia.

"Aki wewe," mke wa shemeji alisema, akinisogezea sahani, "kula kwanza, utalia baadaye."

Shemeji alikuwa tayari anajipakulia mara ya pili. Binti yao akauliza kwa Kiingereza kama sasa karavani ni yake. Wazazi wake wakajibu kwa pamoja kwamba hapana: kuna kijana kutoka Burundi, amefika juzijuzi na analala kwenye gari lake, naye anakuja Jumatatu.