Nikabu ya Forodhani

Aibu hii nimejitakia. Nafundisha wasichana mdahalo, na wiki nzima Rahma, msemaji wangu bora, alikuwa akikutana Forodhani na Bi Zuhura, kocha wa wapinzani wetu, karatasi mkononi. Nikasema, huyu anatuuza kabla ya fainali!

Jana nikavaa nikabu, nikakaa nyuma yao, nikatega sikio. Rahma akasimama kumsomea Bi Zuhura: “Mwalimu wetu anastaafu. Tunamuaga kwa machozi, maana hakuna aliyetuamini kama yeye.”

Mazoezini, mtu akitoa dai bila mfano, mimi humkatiza papo hapo. Ulimi haukunisubiri.

“Ushahidi uko wapi?” nikafoka.

Wakageuka wote wawili. Rahma akaikunja hotuba yake taratibu.

“Shikamoo, mwalimu.”