Kibao Kilichotazama Kwetu

Wifi yangu Walburga Haslinger si mwizi. Naanza na hilo kwa sababu kule kwa mwoka mikate bado wapo wanaotabasamu jina letu likitajwa, na mimi niliyeolewa katika nyumba hii nikiwa nimetoka tu chuo cha ualimu sitakubali mwanamke huyo ajulikane kwa habari ya kibao peke yake.

Alizaliwa katika chumba anacholala mpaka leo, juu ya ghala la mvinyo, dirisha likitazama mto Danubi. Baba yake alitaka mtoto wa kiume wa kurithi mizabibu, naye akampata baadaye: Gottfried, marehemu mume wangu. Burgi, kama tunavyomwita, akapata baiskeli ya posta. Ujana wake wote na utu uzima wake wote alipeleka barua ukingoni mwa mto, kutoka hapa Hollau mpaka vijiji vya chini, katika njia ambayo zamani farasi waliipita wakivuta mashua kuzipandisha juu. Wakati ule njia hiyo haikuwa na lami wala jina. Palikuwa na matope, bata bukini wa watu, na Burgi. Kila lango alilipigia kengele ya baiskeli, na kila lango likafunguka. Mbwa wa bonde zima aliwajua kwa majina. Posa zilikuja akazikataa, akisema mwanamume yeyote atakayemwoa atataka akae nyumbani, na nyumbani alikwisha kupaona.

Kisha serikali ikamwaga lami, ikasimamisha vibao vya kijani vyenye mshale na picha ya baiskeli, na dunia ikaanza kutupitia. Wanatoka Passau, wanakwenda Vienna, mabegi yamening'inia pande zote za magurudumu kama mizigo ya punda wa sokoni, kofia ngumu kichwani, nyuso zimeiva kwa jua. Mwaka wa kwanza watu wa Hollau walilalamika. Mwaka wa pili wakanunua viti. Burgi hakulalamika hata siku moja. Alikuwa amestaafu, magoti yamekwisha kwa pedali, na sasa ile njia yake ilikuwa inamletea watu mlangoni.

Kwetu mkulima wa zabibu huuza mvinyo wake uani, kwa zamu. Zamu yako ikifika unatundika juu ya lango kishungi cha matawi ya msonobari kwenye mti mrefu, na kila apitaye anajua pamefunguliwa. Zamu ikiisha unakishusha jioni ile ile, na jirani anatundika chake. Kuuza kishungi kikiwa chini ni aibu inayorithiwa. Nyumba ya Haslinger inatundika kishungi tangu kabla ya reli, na hakijawahi kulala juu usiku mmoja wa ziada.

Wakati wa zamu yetu Burgi hukaa kwenye benchi la langoni, juu ya takia lake jekundu, na hakuna mwenye baiskeli anayeingia bila kuhojiwa. Mmelala wapi? Mmekula nini? Mume na mke wakifika, swali lake la kwanza ni lile lile: "Nani kati yenu anashika ramani?" Wanatazamana, na kutokana na walivyotazamana Burgi hujua kama waligombana kabla ya mji wa Melk au baada yake.

Kiangazi kimoja tulikuwa tumeshusha kishungi, na jirani yetu Ferdinand Zehetner, ambaye lango lake liko chini kando ya mto, alikuwa ametundika chake. Nikaenda kununua mkate. Nilimkuta Zehetner dukani, na watu kadhaa kwenye foleni.

"Mama Mwalimu," akaniambia, "hivi vibao vya upande wenu vimekuwa alizeti? Vinageuka kufuata jua?"

"Sema unalotaka kusema, jirani."

"Nasema hivi. Watu wa baiskeli wakifika pale penye kanisa dogo, mshale unawaambia wapande kilimani kwenu. Wanapanda, wananizunguka kwa nyuma, wanatokea mbele huko kwenye mizabibu. Mimi nimekaa na mapipa yangu kama bwana harusi aliyekimbiwa."

Mwoka mikate akacheka mpaka akaegemea kaunta.

"Kwetu pamefungwa," nikasema. "Kishungi kiko chini. Mwenye macho anaona."

"Ndicho kinachonitatiza. Kama kiko chini na wageni wanapanda, wanakunywa nini huko? Maji ya baraka?"

Akasema Ijumaa, katika mkutano wa wakulima wa zabibu, ataomba nyumba yetu iondolewe kwenye zamu mpaka jambo hili lijulikane. Alisema kwa upole, bila hasira yoyote, na upole ule uliniudhi kuliko matusi. Nyumba iliyoondolewa kwenye zamu, hata kwa msimu mmoja, huulizwa sababu na wajukuu.

Nilirudi nyumbani mgongo umenyooka, maana madirisha ya Hollau yana macho. Asubuhi mimi huwa juu kwenye matuta na wafanyakazi; yanayotendeka uani saa hizo siyaoni. Kesho yake sikupanda. Nilikwenda kwenye lile kanisa dogo, nikaketi ndani mlango ukiwa wazi, nikasubiri.

Burgi alikuja polepole, na fimbo yake ya kichwa kilichopinda. Akasalimia msalaba, akatazama huku na huku, akainua fimbo, akakikamata kibao kwa kile kichwa cha fimbo na kukivuta. Kikazunguka kwa mlio mdogo. Mshale ukatazama kwetu.

"Wifi," nikasema kutoka ndani.

Aliruka, lakini hakuangusha fimbo. "Yesu na Maria! Nilidhani ni mtakatifu amesema."

"Unafanya nini?"

"Nanyoosha kibao."

"Umekinyoosha kikatazama kwetu."

"Basi kimependa kwetu."

"Burgi, unawauzia mvinyo hao watu?"

Hapo alikasirika kweli, uso ukawa mwekundu kama takia lake. "Mungu aniepushe! Kishungi kiko chini. Mimi ni Haslinger kabla yako wewe. Nawapa maji ya kisima. Na aprikoti zilizoanguka. Zilizoanguka tu, usinitazame hivyo."

"Kwa nini basi? Wiki za zamu yetu si wanakuja wenyewe?"

"Ndiyo, wanakuja. Kisha kishungi kinashuka, mnafunga lango, mimi nabaki dirishani nasikia kengele za baiskeli kule chini. Mimi ndiye niliyekuwa nikizipiga, wifi."

Moyo wangu ulikuwa umetulia, kwa sababu hakuna tone lililouzwa, na ningeweza kusimama Ijumaa na kusema hivyo bila kusema uongo. Burgi alikuwa na wazo jepesi zaidi.

"Sema ni upepo."

"Upepo hauna fimbo."

Upepo wa bonde hili umebebeshwa mengi, na ungelibeba hili pia. Lakini wale wageni walikuwa wa Zehetner. Ilikuwa zamu yake, naye alikuwa amekaa akiwasubiri. Kusema nusu ya ukweli mbele ya mkutano ni kazi ya mawakili, na katika nyumba yetu hakuna wakili. Nikakirudisha kibao kwa mkono wangu, nikamwambia wifi yangu tunateremka.

Zehetner alikuwa anafuta glasi uani. Alipotuona pamoja aliweka kitambaa chini.

"Ferdi," Burgi akasema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ninayegeuza kibao. Na kabla hujafungua mdomo, kumbuka barua za mchumba wako nilikuletea hata kwenye theluji."

"Nakumbuka. Ulizichelewesha ukipiga soga kila lango." Akamtazama kwa muda. "Ulitaka nini lakini, Burgi?"

"Watu."

"Watu?" Akanyoosha mkono kuelekea meza zake, palipokuwa na vijana wanne wamevua viatu wanakula mkate na jibini. "Hawa si watu? Mbona hukuja?"

Burgi alinitazama mimi, naye Zehetner akafuata macho yake. Mama mkwe wangu alikuwa na msemo: Haslinger huuza mvinyo, haketi kwenye ua wa mwingine kama asiye na kwao. Sheria hiyo niliikuta, nikaitunza. Burgi hakuwahi kuivunja. Alivunja ya watu wote ili asiivunje hiyo.

"Sitasema kitu Ijumaa," Zehetner akasema. "Ila kibao kikigeuka tena…"

"Hakitageuka. Kuanzia kesho," nikasema, "wifi yangu atakaa hapa, langoni pako, mpaka kishungi chako kishuke. Kikipanda kwa mwingine, atakwenda huko."

"Atanifukuzia wageni kwa maswali yake."

"Nitakujazia ua mpaka uombe msaada," Burgi akasema.

Ijumaa nilisimama mkutanoni kabla hajaniuliza mtu, nikaeleza yote, fimbo na aprikoti. Jina halitunzwi kwa huruma ya jirani. Walicheka, na zamu yetu ikabaki palepale ilipokuwa.

Lakini siku ya kwanza ya kukaa kwake kwa Zehetner ilikuwa kabla ya hapo. Nililichukua lile takia jekundu, nikalishika mbele yangu, tukatoka lango la mbele kushika barabara kuu, wakati watu wanatoka misa ya asubuhi.

"Wifi," Burgi akaninong'oneza, "tungepita nyuma."

"Nyuma hupita wenye la kuficha. Shika mkono wangu."

Tulisalimiwa, tukasalimu. Kwa Zehetner nililiweka takia kwenye benchi, nikalikung'uta, naye akaketi. Mume na mke walikuwa wanaegemeza baiskeli zao ukutani, kila mmoja akitazama upande wake.

"Habari za safari," Burgi akawaambia. "Nani kati yenu anashika ramani?"