Kidirisha cha Bibi Glafira

Kila mwezi wa kumi, kabla mji haujafungulia maji ya moto kwenye mabomba ya kupashia nyumba zetu joto, Raisa huchana shuka kuukuu vipande vyembamba, akavilowesha, akavipaka sabuni ya kufulia, akaziba nyufa zote za madirisha. Katikati ya vioo viwili hushindilia pamba. Hapa Petrozavodsk, kaskazini mwa Urusi, zamani kila nyumba ilifanya hivyo. Siku hizi wengi wameweka madirisha ya plastiki. Raisa hataki, na mimi jirani yake wa ghorofa ya juu nimechoka kumwambia.

Mwaka huu alikuwa hoi kuliko miaka yote. Ana miaka sitini na moja, magoti yanamsumbua, na mama yake, Bibi Glafira, ameanza kupotewa na akili. Baridi iliyopita bibi alifungua kile kidirisha cha juu, ambacho huwa tunakiacha bila kukiziba ili chumba kipate hewa, akakesha nacho wazi. Akapata nimonia, nusura tumzike. Daktari alisema ya pili haitamwacha. Basi safari hii Raisa akaziba hata kidirisha, jambo ambalo hakuna mtu wa kwetu anayelifanya. Nilimwambia watakosa hewa. Akanijibu nimwache.

Asubuhi akakuta vitambaa vya kidirisha vimebanduliwa, viko sakafuni, na bibi kasimama juu ya kiti na soksi zake. Akamshusha, akaziba upya. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu nilishuka kumsaidia Raisa, nikamkuta ameketi na beseni la sabuni mapajani, analia kimya kimya. Uchovu tu.

"Mama, unataka kufa?" akauliza.

"Baba yako hana ufunguo," bibi akasema. "Akigonga, nitampitishia wapi?"

Wanakaa ghorofa ya chini. Fyodor, mume wa bibi, alikuwa akirudi amelewa anagonga kioo, naye bibi anamtupia ufunguo kupitia kidirisha. Kisha mwaka mmoja, mwezi wa kumi, aliondoka, hakugonga tena. Raisa alikuwa na miaka tisa.

Raisa akajifuta uso kwa mkono wenye povu. "Nimempa ufunguo, mama. Ana wake mwenyewe."

Bibi akamtazama sana. "Si ungesema mapema, mwanangu? Miguu imeniganda. Haya, ziba."

Tukaziba. Bibi akataka kitanda chake kigeuzwe kielekee mlangoni, tukakigeuza, akalala fofofo mpaka mchana wa siku ya pili. Nikajua sasa na Raisa atapumzika.

Wiki ile mabomba yakapata moto. Nilipomuuliza Raisa kama analala, alitikisa kichwa, huku anaona haya.

"Mama analala," akasema. "Mimi, kila mtu akiingia mlango mkuu wa jengo, nasikiliza kama atatia ufunguo kwetu."