Kisima cha Tusekile

Dada wa maabara huongea taratibu, kana kwamba kuna mtoto amelala karibu, na vidole vyake havikomi kufuta miwani. Tangu kipindupindu kimuue Eliud, kijiji kizima kilikuwa kikimnyooshea Tusekile kidole kwa sababu ya kisima chake. Majibu ya vipimo vya maji ya kisima yalipotoka, dada huyo hakumwita Tusekile pembeni. Alikwenda kisimani watu wakiwa wamejaa, akapaza sauti.

“Vimelea vya kipindupindu vimo humu,” alisema. “Lakini havina jeni ya kutengeneza sumu. Vilivyomuua Eliud vinayo. Maji mchemshe, ila mama huyu hakumuua mtu.”

Mjane wa Eliud, ambaye hakuwa amemsalimu Tusekile tangu mazishi, akamshika mikono yote miwili.

“Ugonile, dada,” alimsalimu kwa lugha ya kwao.