Sailensa Imepandishwa Tena

Neno lenyewe ndilo lilianza kunikera. Mafundi wa Arusha wanaita sailensa ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama na mguu wako hauko kwenye pedeli ya mafuta. Sauti ndogo, ya utulivu, ndivyo inavyotakiwa iwe. Ya gari langu haikujua utulivu ni nini. Nikisimama kwenye mataa ya Sanawari, lilitetemeka mpaka funguo zikagongana chini ya usukani. Mshale wa mzunguko wa injini ukapanda, ukashuka, kisha injini ikazima. Nyuma yangu honi za watu wenye haraka zao, pembeni yangu mama yangu mzazi, ameukumbatia mkono wake wa kushoto, anatazama mbele kama vile hatufahamiani.

Mkono huo ndio wenye mshipa wanaoutoboa hospitalini. Figo za mama hazifanyi kazi tena, na kila Jumanne na Ijumaa nilikuwa nikitoka kwangu Njiro, nikapanda kumchukua kwake huko juu Umeruni, kisha nikamshusha mjini akaunganishwe na mashine ya kusafisha damu. Akikosa siku moja anavimba miguu na uso. Akizidi kukosa, daktari alituambia bila kuzunguka, tutamzika. Sasa mtu aniambie gari la kuzimazima barabarani linafaa nini kwa safari hiyo.

Fundi wa kwanza ana gereji karibu na mto Themi. Nilimweleza kila kitu: likikimbia halina shida, likisimama ndipo linatetemeka, na ukitega sikio kuna sauti ya kufyonza, ssss, kama chai ya moto mdomoni mwa mzee. Alinisikiliza huku anatazama simu yake. Akafunua boneti, akainama ndani kwa muda, mgongo wake umenizuia kuona, kisha akaingiza bisibisi mahali, akazungusha. Injini ikapaza sauti.

"Tayari, dada. Sailensa ilikuwa chini, nimeipandisha."

"Na ile sauti ya kufyonza?"

"Hiyo kawaida. Hii gari ni ya zamani." Akafuta mikono. "Shemeji yupo? Nimpigie nimwelekeze vizuri." Nikampa namba, akasogea pembeni na simu.

Shemeji yake, yaani mume wangu, ni mpishi wa kambi za watalii. Wiki nyingi yuko porini anakaanga mayai ya wageni, na kuhusu injini hajui plagi iko wapi na betri iko wapi. Mimi ndiye ninayeliendesha gari hilo, mimi ndiye ninayelitia mafuta, mimi ndiye ninayezimikiwa kwenye mataa. Lakini maelezo anapewa shemeji.

Na kule kupandisha sailensa kulizidisha ubaya. Gari langu ni la otomatiki. Injini ikiwa juu hivyo, ukiingiza gia linashtuka na kuruka mbele. Siku ya kwanza liliporuka, mama aligonga mkono wake kwenye mlango. Hakulia. Alifumba macho, nami nikatukana, mbele ya mama yangu, Mlutheri wa kwaya ya asubuhi, nikatukana.

Nikaenda kwa fundi wa pili. Akabadilisha plagi, kisha akapandisha sailensa. Wa tatu akasema ni koili, akabadilisha koili, akapandisha sailensa. Nikawa na gari linalounguruma kwenye maegesho kama lori linalopanda mlima, na bado linatetemeka. Hakuna aliyetafuta ugonjwa. Walichojua ni kuipandishia injini sauti ili nisiusikie nikiwa pale kwao. Kufika njiani, shauri yangu.

Ndipo Ijumaa moja nikafika kwa mama nikamkuta amekaa kibarazani na kanga za nyumbani. Hajavaa za safari.

"Leo siendi," akasema. "Gari lako linanitikisa mpaka tumbo linapanda kifuani. Likipona, tutakwenda."

Nikamwambia naita teksi. Akasema hawezi kutapika kwenye gari la mtu asiyemjua. Nikamwomba jirani mwenye pikapu. Akasema pikapu ni ya kubebea majani ya ng'ombe. Nilibembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Hakwenda. Jumapili miguu yake ilikuwa imejaa maji, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki.

Nilirudi Njiro nikiwa na hasira ya kuweza kuling'oa boneti kwa mikono. Nikaliwasha gari uani, nikakata kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, ncha moja nikaiweka sikioni, nyingine nikaipitisha polepole juu ya injini. Ssss. Nikaifuata. Ilitoka nyuma kabisa, kwenye mpira mwembamba wa hewa uliojikunja kuelekea ukuta ulio nyuma ya injini. Nikachukua chupa ya kupulizia maua, nikaupulizia maji. Papo hapo mngurumo ukabadilika, kutetemeka kukapungua, maji yakanyonywa, kisha fujo ikarudi. Injini ilikuwa inavuta hewa mahali isipopaswa kuvuta. Ugonjwa wenyewe ndio huo, basi.

Nikazima, nikasubiri ipoe, nikapapasa. Ule mpira ulikuwa umepasuka, na juu ya ufa ulifungwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, umekazwa vizuri, umepakwa grisi usionekane. Tyubu haioti kwenye injini. Kuna mtu aliuona ufa ule, akaufunga, akaufunika, akanirudishia funguo zangu.

Nilianza na fundi wa kwanza: nikaliendesha gari hadi gereji ya Themi, nikauchomoa ule mpira, nikaingia nao mkononi. Sikusalimia.

"Hii ni kazi ya nani?"

Fundi akautazama, wala hakushtuka. "Ya kwangu, dada. Nilifunga ikusogeze, halafu sailensa nikapandisha ili isizime."

"Kwa nini hukuniambia umepasuka?"

"Nilimwambia shemeji. Nilimpigia siku ileile, nikamwambia mpira wa hewa umekwisha, inatakiwa mpya. Akasema sawa, fundi."

Nilimpigia mume wangu palepale, mtandao ukashika. "Ah, eti? Kweli alinipigia," akasema. "Kuna kitu cha mpira alisema. Nilidhani ameshakwambia wewe, si ulikuwa hapohapo?"

Nilikuwa hapohapo. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwa fundi huyo, nimeshika mkoba, wakati anamweleza mpishi aliyeko Serengeti habari za gari lililokuwa mbele yangu. Nilipaza sauti mpaka wauza vipuri wa ng'ambo ya barabara wakatoka kutazama. Nilimwambia fundi kuna mama mzima anavimba kwa sababu ya mpira huu, na kama angefungua mdomo kwa mtu aliyemletea gari, tungemaliza siku ileile. Alijibu, "Pole, mama." Nilikuwa nimepanda cheo, kutoka dada.

Nilinunua mpira mpya dukani, nikasimama juu ya kichwa chake akiufunga na klipu zake. Alipomaliza akashika bisibisi kwa mazoea.

"Sasa ishushe," nikasema. "Irudi ilipokuwa kabla hujaigusa."

Akaishusha. Mshale ukashuka, ukasimama, haukucheza. Injini ilinguruma kwa sauti ndogo, hata fundi akainamisha kichwa kuhakikisha inawaka.

Jumanne nilipanda kwa mama mapema, nimejaa ushindi. Nikamsaidia kuingia, nikamfunga mkanda, nikawasha. Tukakaa hivyo uani, gari likiwa limetulia tuli.

"Limezima?" akauliza.

"Halijazima, mama. Limepona."

Aliweka kiganja juu ya dashibodi, akasikiliza. Nilisubiri ashukuru Mungu, maana ndivyo alivyo, hata maji yakitoka bombani anashukuru. Uso wake ukasawijika.

"Nilikuwa naliombea lisipone," akasema kwa Kimeru, lugha anayoitumia akiwa hana mzaha. "Kila jioni, nikimaliza kuwaombea ninyi."

Sikuelewa kwanza. Kisha nikaelewa, na hasira yote niliyokuwa nimewagawia mafundi ikarudi na kumwendea yeye.

"Nimegombana na mji mzima kwa ajili yako!" nilipiga kelele. "Na wewe unaomba nini? Ufe?"

"Naomba kupumzika. Ile mashine inanimaliza, mwanangu. Nikitoka pale sijui hata jina langu. Nikasema gari likiharibika hakuna atakayeumia moyo, sababu itakuwa ni gari tu."

Nilipiga usukani kwa ngumi, honi ikalia, kuku wakatawanyika. Nikamwambia kama hataki kwenda ashuke. Nilimwambia mama yangu mzazi hivyo. Hakushuka. Kwa mara ya kwanza ndani ya gari lile niliisikia pumzi yake, ilivyokuwa fupi, ilivyokwama katikati.

Akavuta kanga, akaufunika mkono wenye mshipa.

"Twende," akasema. "Lakini leo naenda kwa ajili yako."

Nikaingiza gia. Gari likaondoka bila kushtuka, nikaliteremsha taratibu mpaka lami.